Wanamaji wa Mlimani

Iko nchi ina jeshi la wanamaji na haina bahari, na asiyeamini anyanyuke sasa hivi aende zake, kwa sababu Sabir kampakia mmoja wa wanamaji hao kwenye gari lake, kiti cha mbele, na mkanda kamfunga yeye mwenyewe. Aliyebaki kakaa, basi na ajue kakaa wapi. Hapa ni Ibra, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Maskat, kwenye benchi la saruji lililoegemea duka la halua la Mkadam, saa za baada ya alasiri, jua linapoanza kuuachia ukuta. Pana dele moja la kahawa, sahani ya tende na watu wale wale wa kila siku. Mkadam mwenye duka wanamwita Mahkama, maana hata ukimwambia mvua inanyesha atataka shahidi. Hafidh, mstaafu wa idara ya maji, wanamwita Redio. Akishawashwa, hakuna anayejua kifungo cha kumzimia kiko wapi. Sabir ni Kilomita. Anaendesha gari la watalii kwenye mchanga wa Bidiya, aliacha shule darasa la tisa, na kwa maelezo yake mwenyewe, iliyokula hasara ni shule. Ami Hashil peke yake hana jina la utani. Si kwamba hakutafutiwa. Hakupatikana wa kumwita.

Siku hiyo Ami Hashil alikuja na fimbo yake, akaitikia shikamoo zao moja moja, akaketi, akanywa kikombe cha kwanza, kisha akakitikisa. Ibra ukitikisa kikombe umesema inatosha, usinimiminie tena. Na Ami Hashil hakuwa mtu wa kikombe kimoja.

— Siendi, alisema. Nshamwambia Balqis. Siendi.

Hakuna aliyeuliza wapi. Tiketi ya Unguja ilikatwa tangu mwezi uliopita, ndege ni ya kesho asubuhi kutoka Maskat, na mjukuu wake Balqis, daktari wa meno, kaomba likizo kazini ili afuatane naye. Ami Hashil alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, kitoto cha miaka kumi. Dada yake Ghaniya alikuwa keshaolewa, akabaki. Tangu hapo hawajaonana. Wanazungumza kwa simu kila Ijumaa, na Ijumaa iliyopita Bi Ghaniya alimwambia: macho yangu yanakwenda, Hashil, njoo nikuone nami bado naona.

— Lakini kwa nini, Ami? aliuliza Mkadam.

— Nikafanye nini? Nyumba yetu ya Vuga wanakaa watu wengine. Mlango niliokuwa nikiusukuma kwa teke, leo nisimame nje nibishe hodi?

— Bi Ghaniya si yuko Kikwajuni? alisema Hafidh, taratibu.

— Nnajua yuko wapi.

Wote wakaangalia tende kama hawajawahi kuona tende. Sabir alimtazama Ami Hashil kwa upande. Mwaka ule alioacha shule, nyumbani kwao walimlilia kama maiti, na huyu mzee peke yake ndiye aliyemuuliza anataka nini. Alisema anataka gari. Ami Hashil akampeleka bondeni, kwenye wadi iliyokauka maji, akampa usukani wa pikapu yake, akakaa pembeni anasoma gazeti huku gari linarukaruka mawe. Mtu kama huyo humwambii, nenda kamuone dada yako. Utamwambia kwa mdomo gani? Sabir alikuwa na mdomo mmoja tu, wa kujisifu, akautumia huo.

— Nyinyi hapa, mnaijua Bolivia?

— Hiyo dawa ya kikohozi, alisema Mkadam.

— Ni nchi, Mahkama. Amerika ya Kusini, kati kati. Brazil huku, Argentina na Paraguay kule chini, Peru juu, Chile ubavuni. Kazungukwa kote, hana bahari. Na ana jeshi la wanamaji. Si mchezo, wana meli, wana makamanda, wana gwaride na kofia nyeupe. Abishe mtu.

— Nabisha, alisema Mkadam. Wanamaji wa kufanya nini?

— Wa kungojea bahari.

— Shahidi yuko wapi?

— Nilimpakia wiki iliyopita. Bwana Eusebio, mwanamaji mstaafu, na mkewe Bi Remedios aliyekuwa mwalimu wa historia. Walifika kambini kwetu Bidiya. Yeye hana Kiingereza cha maana, bibi anacho. Mie nacho kile cha kwangu cha barabarani. Tumeelewana mpaka mwisho.

— Ulimuelewa mwalimu wa historia weye? Hafidh aliuliza. Si ulitoroka somo la historia kwa dirishani?

— Nilitoroka mwalimu mbaya. Huyu kanifundisha safari moja tu, Bidiya mpaka Ashkhara pwani, na nimeshika yote. Uliza.

— Meli zao zinaelea wapi?

— Kwenye ziwa. Titicaca. Ziwa liko juu ya mlima. Wewe Jebel Shams umepanda?

— Nimepanda, nikaumwa kichwa.

— Basi La Paz, mji ambao serikali yao inakaa, uko juu kuliko kilele cha Jebel Shams. Mji mzima, Redio, na teksi, na masoko, na watoto wanakwenda skuli. Na hilo ziwa liko juu zaidi ya mji. Huko mchana jua linakubabua, usiku maji yanaganda kwenye ndoo. Halafu nchi hiyo hiyo ukiteremka upande wa pili, msitu, joto, mvua, kasuku, mbu wa ukubwa wa ndimu.

— Mbu wa ndimu kasema mwalimu wa historia?

— Mbu nimeongeza mie. Mengine ya mwalimu. Na baridi yao kali ni mwezi wa sita.

— Mwezi wa sita sisi tunakaangwa, alisema Mkadam.

— Wao wamejifunika mablanketi.

Hafidh aligonga goti lake.

— Hapo sasa hata mimi shahidi. Argentina walikwenda kucheza mpira La Paz, wakala sita kwa moja. Nilitazama. Watu wazima wanahema kama wamepanda ngazi na jokofu mgongoni. Nikasema hawa wamelishwa kitu. Kumbe ni mlima.

Ami Hashil alikuwa anachora mchanga kwa ncha ya fimbo. Hakuondoka, na kwa Sabir hiyo ilitosha kumimina kahawa nyingine na kuendelea.

— Zamani walikuwa nayo bahari. Walikuwa na pwani yao na bandari zao. Pwani yenyewe jangwa, hapanyeshi, mkoa wetu wote huu wa Sharqiyah ukiulinganisha na kule ni bustani. Lakini ndani ya ardhi mna chumvi ya mbolea, ile ile ya kutengenezea baruti. Kampuni ya watu wa Chile inachimba. Bolivia wakataka ushuru, senti kumi kwa mzigo. Chile wakasema hatukukubaliana hivyo, wakaleta askari. Elfu moja mia nane sabini na tisa. Peru akaingia upande wa Bolivia. Wakapigana miaka. Vumbi lilipotulia, Bolivia hana pwani.

— Yote?

— Hata pa kusimama na ndoano hana.

Mkadam aliweka kikombe chini. Ana shamba la mitende nyuma ya mji, linalonywa maji ya falaji, na hakuna kesi duniani asiyoipeleka kwenye sheria za mfereji huo.

— Hapo Chile wamekosea. Falaji ikitoka mlimani, pahala pa kwanza ni pa watu wote kunywa. Hapana mwenyewe. Halafu inapita msikitini. Halafu ndiyo inaingia mashambani, kila mtu zamu yake. Zamu yako unaweza kuipoteza, ukaiuza, ukadhulumiwa, ukabaki huna kitu. Lakini pale pa kwanza, ukija na mtungi wako, hakuna wa kukuzuia. Wangewaachia pale pa kwanza.

— Bahari hainywewi, Mahkama.

— Pa kuoshea miguu, basi.

— Njia waliwapa, alisema Sabir. Reli mpaka bandarini, mizigo yao inapita. Bahari ya makontena wanayo. Bahari ya kusema hii yetu, hawana. Wakaenda mpaka mahakama kubwa ya dunia, juzijuzi hapa, mahakama ikasema Chile halazimiki kuzungumza nao habari hiyo.

— Mahakama hiyo haijui falaji, Mkadam alisema, akaifunga kesi.

Lakini Redio alikuwa keshawaka.

— Mie nnasema hao hawangoji. Watu hawangoji hivyo, miaka yote hiyo, na kofia nyeupe juu. Hao wanachimba. Ziwa liko juu, bahari iko chini, kati kati mlima. Hiyo ni nini kama si falaji? Wanamaji gani hao, ni mafundi wa mifereji wamevalishwa sare. Wanatoboa chini kwa chini, wanapita chini ya Chile, Chile wamelala, siku moja asubuhi, khalas, bahari imetokea La Paz.

— Maji hayapandi, alisema Mkadam.

— Pampu.

— Pampu ya kupandisha bahari juu ya Jebel Shams?

— Nimefanya kazi idara ya maji miaka thelathini, usinifundishe pampu.

— Na samaki je?

— Samaki watakuja na maji yao. Nguru atafika La Paz kavaa sweta.

Sabir alicheka mpaka kahawa ikampalia. Akaona afadhali amuongezee Redio kuni.

— Na chumvi umesahau. Wana uwanja wa chumvi, Uyuni, mweupe mpaka macho yanauma, unaendesha gari juu yake huoni mwisho. Mvua ikinyesha unakuwa kioo. Mbingu juu, mbingu chini.

— Si nimesema, Hafidh alisema. Bahari yao ile. Waliponyang'anywa iliwafuata kwa miguu, ikapanda mlima, ikafia njiani. Imebaki chumvi yake.

Hapo Ami Hashil alicheka. Kidogo, kwa pua tu, lakini alicheka, na akasimamisha ile fimbo.

— Huyo mwanamaji wako, alimuuliza Sabir. Mlikwenda kufanya nini Ashkhara?

Sabir alijivuta mbele ya benchi. Hili ndilo swali alilokuwa akilitega tangu kikombe kile kitikiswe.

— Alifika kambini, Ami, watu wote wanapiga picha mchanga, yeye hata hautazami. Ananiuliza, bahari iko umbali gani? Nikamwambia, kwangu mimi hakuna umbali. Asubuhi tukaondoka. Tunafika Ashkhara, wavuvi wametandaza dagaa wanaanika, harufu unaijua. Gari halijasimama, wallahi halijasimama, mzee kafungua mlango karuka. Mtu wa umri wako, Ami. Kakimbia kama mtoto katoka chuoni, kaingia na nguo zake, kapiga mbizi, katokea kule. Kaimba wimbo wa jeshi lao. Wavuvi wameacha dagaa wanapiga makofi. Anaogelea tu, anakwenda, mpaka nikamwita, rudi mzee, mbele huko ni India na viza huna.

— Na mkewe? aliuliza Mkadam.

— Anacheka tu.

— Shahidi ni nani?

— Dagaa.

Walicheka wote. Ami Hashil alingoja wamalize.

— Unanambia mimi, alisema.

— Simwambii mtu, Ami. Nahadithia.

— Nimesikia. Lakini huyo uliyempeleka, ulimpeleka bahari ya watu. Ile ya Ashkhara haikumfanya lolote, hakuzaliwa nayo, ndiyo maana kaicheza. Ile yao si ipo pale pale? Si pasi ya kusafiria tu, mtu anakwenda? Kwa nini hakwenda huko, kaja kuogelea kwetu?

Sabir hakuhitaji kufikiri. Jawabu alikuwa nalo. Alimuuliza Bwana Eusebio neno hilo hilo njiani, karibu na Jalan, na bibi alimfasiria. Angeweza kusema hajui. Lakini mbele ya mtu aliyekufundisha gari, uongo mwingine unakwama.

— Kasema hawezi kusimama kwenye foleni, agongewe muhuri wa kuingia kwao.

Ami Hashil aliinamisha kichwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

— Umemsikia mwenyewe, alisema.

Ndivyo Kilomita alivyomwendesha mzee mpaka pale pale alipomkuta. Hafidh alitazama upande mwingine. Mkadam alitikisa dele kuona kama imebaki kahawa, ikawa haijabaki, akalirudisha polepole ili lisitoe sauti.

Gari la Balqis lilikata kona, likasimama kwenye kivuli cha duka. Alishuka, miwani ya jua kaipandisha juu ya mtandio, akasema shikamoo ya watu wote, akaitikiwa. Kazaliwa Ibra, kasomea Maskat, na Kiswahili chake ni kile alichokiokota jikoni kwa bibi yake, vipande vipande.

— Babu, tunachelewa. Shanta yako nimetia ndani ya gari. Kama hutaki, sema tena, mimi nitarudisha.

Ami Hashil aligeuka kulitazama gari. Hafidh, ambaye kimya humuwasha kama upele, alimrukia.

— Tuna kesi hapa, binti. Kuna mzee mmoja wa Bolivia, kwao walinyang'anywa bahari zamani sana, kabla hajazaliwa. Ipo, anaweza kwenda kuitazama, na hataki kwenda. Sabir anasema hivi, babu yako anasema vile. Weye unasemaje?

Balqis alifikiri. Alitafuta maneno, akayapanga kama alivyoyapata.

— Kule kwa hiyo bahari, iko mtu yake? Nani anamngoja?

Mkadam alimtazama Hafidh. Hafidh alimtazama Sabir. Sabir, ambaye safari nzima ya kwenda na kurudi alimuuliza yule mzee kila kitu, bei ya nyama, mishahara ya jeshi, kama samaki wa ziwani ana miba, hilo hakuliuliza.

— Sijui, alisema. Na neno hilo halikuwahi kusikika likitoka kwenye kinywa chake.

— Kama hamna mtu, basi sawa, alisema Balqis. Maji tu.

Muuza mboga wa jirani alikuwa akimwagia maji mafungu yake ya kotimiri. Ami Hashil alikigeuza kile kikombe chake juu ya sahani, akakigeuza tena.

— Hawana mtu hao, alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. Miaka mingapi hiyo umesema, Sabir? Wote washakufa. Wamebaki na pwani tu, na pwani haipigi simu Ijumaa.

Akanyanyuka. Hakusema anakwenda, na hakuna aliyekuwa mjinga wa kumuuliza. Mkadam aliingia dukani akatoka na bakuli la halua, lile kubwa, akampa Balqis. Hafidh alisema mpe salamu Bi Ghaniya, mwambie Hafidh wa mtaa wa pili anamsalimu, ingawa Bi Ghaniya hajapata kumsikia Hafidh wala huo mtaa wa pili.

Sabir alimsindikiza mpaka garini. Ni hatua chache tu, lakini Ami Hashil alizitembea kama anazipima. Alipofika, Balqis akiwa upande wa pili anapanga halua kiti cha nyuma, mzee aliweka mkono kwenye kishikio cha mlango na hakukivuta. Alisimama hivyo. Sabir alitazama juu, akatazama taa za barabarani ambazo hazijawashwa.

— Sabir.

— Naam, Ami.

— Yule mzee. Aliruka kweli gari halijasimama?

Benchi lilikuwa nyuma, mbali kidogo na masikio. Sabir alijikuna shingo.

— Hakuruka, Ami. Pale pana kipande nimekiacha. Gari lilisimama, na hakushuka. Bibi alishuka, akafika majini, akageuka kumwita. Yeye kakaa tu, na mkanda wake umefungwa. Akanambia, miguu haitaki. Nikazima injini. Tukakaa. Mimi huyu, Ami, unanijua, sikuwa na neno la kumwambia. Nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango, nikampa mkono. Akanishika, na kwa namna alivyonishika nilijua haniachii. Tulikwenda hivyo mpaka maji yakanifika magotini, kanzu yangu yote imerowa. Hakuogelea. Hakuimba. Alisimama pale analia, na mie nimemshika, mpaka mwenyewe aliposema twende.

Ami Hashil alimsikiliza mpaka mwisho, macho yake yako kwenye kioo cha mlango.

— Alikushika kwa mkono upi?

— Wa kushoto.

Mzee aliuachia mlango, akaihamishia fimbo mkono wa kulia, wa kushoto akauacha mtupu.

— Balqis, mama, alisema. Njoo upande huu.